Mlima Haukulipuka: Vichwa Vidogo vya Habari ya Hanang

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia mji wa Katesh na maeneo ya jirani, Gendabi ikiwamo. Kwa mwandishi wa mtandaoni, habari ile ilikuwa ngumu kuipanga, kwani vifo, majeruhi, jiolojia, barabara, makazi na ratiba ya Rais vilikuja kwa mkupuo mmoja. Mfikirie msomaji wake: mtu wa Dongobesh au Haydom, huko Mbulu, ana shangazi Katesh, simu mkononi, bando linaelekea ukingoni. Mtu huyu hana haja ya makala nzima. Anataka kujua majeruhi wamepelekwa wapi, na kama mlima utashusha tena.

Sasa tumpe makala ya maneno 1,200 iliyogawanywa hivi: Utangulizi, Chanzo, Athari, Juhudi za Serikali, Hitimisho. Ni mpangilio wa insha ya kidato cha nne, na wengi wetu hatujauacha. Vihamishe vichwa hivyo vitano kwenye makala ya mafuriko ya Rufiji au ya kipindupindu, havitahitaji kubadilishwa hata herufi. Kichwa kidogo kinachofaa kila habari hakijasema lolote kuhusu habari hii.

Kitenzi ndicho kinachobeba habari

Tuanze na "Chanzo", maana hapo ndipo hofu ilipokuwa. Hanang, wenye urefu wa mita zipatazo 3,420, ni mlima wa asili ya volkano, na baada ya tukio watu wengi walijiuliza kama umeamka. Wataalamu wa Serikali walisema hapana: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalegea, ikameguka na kuwa tope. Hilo ndilo jibu ambalo msomaji analitafuta, na mwandishi amelizika aya ya nne chini ya neno "Chanzo". Andika "Mlima haukulipuka, ulimeguka". Maneno matatu tu, na aliyesoma hayo peke yake ameshapata la kumwambia mwenzake.

Kiswahili kinatupendelea hapa. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati na ukanushi ndani ya neno moja, kwa hiyo sentensi kamili inaenea kwenye mstari mmoja wa simu. Umbo la -vyo- nalo ni hazina: "Tope lilivyoingia Katesh" linaahidi maelezo ya hatua kwa hatua, na chini yake lazima hatua hizo ziwepo. Ukiishia kuandika kwamba wananchi wamesikitishwa, umemdanganya mtu.

Swali je? "Je, Hanang umelipuka?" linakubalika saa za kwanza, kabla wataalamu hawajasema. Jibu likishapatikana, swali liondoke. Kulibakiza ili watu wabonyeze ni kufanya biashara na hofu ya wenye ndugu.

"Athari" nayo ivunjwe. Kichwa kimoja kiwe cha mji na vijiji, kingine cha majeruhi: "Majeruhi wako Tumaini na Babati". Mtu wa Manyara ataelewa mara moja kwamba ni Hospitali ya Tumaini ya Katesh na ile ya rufaa ya mkoa. Kama unaandikia wasomaji wa Mtwara au Nairobi, yataje majina ya hospitali kwa ukamilifu kwenye aya inayofuata, si kwenye kichwa.

Neno la kwanza lisipotee bure

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, alichapisha matokeo ya kufuatilia macho ya watu 232 walipokuwa wakisoma kurasa. Macho yalichora umbo linalofanana na herufi F: mistari ya juu yaliisoma kwa upana, kisha yakateremka yakiambaa upande wa kushoto. Maana yake kwetu ni kwamba kichwa kinachoanza na "Kuhusu hali halisi ya..." kimeshapoteza sehemu inayotazamwa zaidi. Tanguliza Katesh, majeruhi, barabara, shule.

Majina ya mahali nayo yanahitaji uangalifu. Hanang ni mlima, ni wilaya, na ni jimbo la uchaguzi. "Hanang yafunikwa" haimwambii mtu wa Basotu kama kwake kumesalimika. Tope lilishuka Katesh, makao makuu ya wilaya. Basi andika Katesh. Na ukishachagua tahajia, Basotu au Bassotu, usiibadilishe mpaka mwisho, maana mtu hutafuta neno kwenye ukurasa kama lilivyoandikwa.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wahariri wengi hulipuuza: kukoza wino si kuweka kichwa. Kwenye mfumo wa kuchapishia, chagua kiwango cha H2, na H3 kwa kilicho chini yake. Msomaji asiyeona, anayesomewa na programu ya simu, huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kufuata alama hizo. Maandishi yaliyokozwa tu kwake ni aya kama aya nyingine, na makala nzima inakuwa ukuta usio na mlango.

Methali nitazikataa bila kusita. "Ajali haina kinga" juu ya orodha ya waliofariki ni uvivu, na kwa mtu anayetafuta jina la ndugu yake ni kejeli.

Tarakimu na "leo" huchacha

Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa COP28. Alikatisha safari, na Desemba 7 alikuwa Katesh. Kichwa "Rais awasili leo" kilikuwa sahihi kwa siku moja. "Rais akatisha safari ya Dubai" kinasomeka hata sasa.

Idadi ya vifo ni hatari zaidi. Taarifa za mwanzo zilitaja 47. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imepita 70, na baadaye ikafika 89. Aliyeweka tarakimu kwenye kichwa kidogo alipaswa kuirekebisha kila taarifa mpya ilipotoka, na kazini mtu hukumbuka kurekebisha kichwa kikuu na aya ya kwanza, basi. Tarakimu ikae ndani ya aya, pamoja na tarehe yake na aliyeitoa. Kama una makala ya Hanang mtandaoni na "47" bado imekaa kwenye kichwa kidogo, ifungue leo uirekebishe.