Vijana wa Boti

Chuo cha Atlantic, pwani ya kusini ya Wales, kilifunguliwa 1962 ili vijana wa mataifa mbalimbali wasome na kuishi pamoja, kesho washike uongozi. Ninachokiheshimu mimi zaidi kilifanyika nje ya madarasa.

Kwa takribani miaka 50, hadi 2013, wanafunzi walihudumu katika kituo cha uokoaji baharini palepale chuoni. Bahari ile wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 10, na baridi yake hukata mifupa. Wito ukija, kijana aliacha daftari, akavaa jaketi la kuokolea, akasaidia kushusha boti mawimbini. Wakirudi, kazi ilikuwa haijaisha: kusafisha chumvi kwenye injini, kukagua viungio vya mpira, kujaza mafuta. Ndipo hesabu za kesho.

Boti za mpira mtupu walizotumia mwanzoni zilikuwa zikichakaa upesi. Wanafunzi, pamoja na walezi wao, wakabuni boti yenye tumbo gumu na kingo za kujazwa upepo. Majaribio yalichukua miaka. Haki ya ubunifu huo waliiachia taasisi ya waokoaji ya Uingereza kwa pauni 1. Leo waokoaji na wanamaji wa nchi nyingi hutumia boti za aina hiyo, na watu wanaendelea kutolewa majini wakiwa hai.