Wala Makombo wa Brisbane

Magoli 13 yalishindwa na magoli 12. Aliyezoea soka ataona hapo pana makosa ya kuandika, lakini katika futiboli ya Kiaustralia ndivyo ilivyokuwa Septemba 30, 2023, kwenye uwanja wa MCG mjini Melbourne, mbele ya watazamaji 100,024. Brisbane Lions waliupitisha mpira kati ya ile milingoti miwili mirefu mara 13, na kila goli la namna hiyo lina pointi 6. Collingwood walifanya hivyo mara 12. Ila Collingwood waliokota pia pointi 18 za mojamoja, zile zinazopatikana mpira unapopita kati ya mlingoti mrefu na mfupi wa pembeni, na Brisbane wakaokota 8 tu. Fainali kuu ikaisha 90 kwa 86.

Pointi nne ni pungufu ya goli moja. Timu ikifungwa kwa tofauti hiyo, kila mchezaji ana deni, na wa kwanza kudaiwa huwa washambuliaji wafupi, wale wanaokaa karibu na goli la adui na ambao kazi yao, machoni pa wengi, ni kufunga tu. Alifunga mangapi? Alikosa lipi? Nimeirudia fainali ile mara nyingi, na siku hizi siufuati tena mpira. Nawafuata watu watatu wa Brisbane: Charlie Cameron, Zac Bailey na Lincoln McCarthy. Ukiwatazama wao peke yao, hata mpira ukiwa mbali nao, unaanza kuelewa kwamba kuwapima kwa magoli ni kama kumpima mvuvi kwa samaki aliouza bila kuuliza alitega wapi, saa ngapi, na bahari ilikuwaje.

Timu moja ina wachezaji 18 uwanjani. Mpira una umbo la yai. Mchezaji akidaka mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri mita 15 au zaidi, mchezo unasimama kwa ajili yake, anapiga kwa raha zake bila kusumbuliwa. Kwa hiyo mpira mrefu unapokwenda mbele, hupelekwa kwa majitu: wanaume wa karibu mita mbili wanaoruka, goti likiwa kwenye mgongo wa mtu, mikono juu. Picha za magazetini ni zao. Lakini mara nyingi zaidi mpira haudakwi. Mabeki wawili watatu wanaupiga ngumi, unaporomoka, na hapo chini ndipo kazi ya mfupi inapoanzia. Waaustralia wanauita mpira huo makombo, na anayeuokota wanamwita mla makombo. Kwetu neno hilo lina unyonge ndani yake. Makombo ni ya aliyekuja baada ya wenye sahani. Kule ni cheo, na ukitazama kwa makini utaona ni cheo cha haki.

Tazama anaposimama. Hasimami chini ya wanaoruka, maana akifika pale mapema atakuwa amesimama wima mpira ukitua, na mtu aliyesimama hana kasi. Hubaki hatua chache nyuma au ubavuni, akiisoma miili badala ya mpira. Jitu lake limesukumwa kutoka nyuma? Mpira utaangukia mbele. Beki amewahi kuruka na ngumi iko juu? Mpira utatupwa mbali, na mara nyingi upande wa mstari wa pembeni, kwa sababu beki amefundishwa tangu utotoni kuupeleka huko. Mfupi anaanza kukimbia wakati mpira bado uko hewani, kuelekea mahali ambapo hakuna kitu bado. Akikisia vizuri, anaupokea akiwa katika mwendo kasi, uso ukielekea goli, na beki wake anabaki akigeuka. Akikisia vibaya, anaonekana mzembe aliyeupita mpira. Mbio ni zilezile na ujasiri ni uleule. Mtazamaji ataona kazi mara moja tu kati ya hizo mbili.

Na yai hudunda litakavyo. Mwaka 2010, katika fainali ya St Kilda na Collingwood uwanjani hapohapo, mpira ulidunda mbele ya mshambuliaji mfupi wa St Kilda dakika za mwisho, goli likiwa wazi. Alikuwa mahali sahihi kabisa. Mpira ukageuka ubavu, ukamkwepa, ukapita kwa pointi moja. Mchezo ukaisha sare 68 kwa 68, ukarudiwa wiki iliyofuata, St Kilda wakafungwa kwa pointi 56. Sijui mtu atampaje alama mchezaji yule kwa mdundo ule. Mimi ningempa alama zote, kwa kuwa alifika.

Cameron alilelewa kaskazini kabisa mwa Queensland, kwenye Mornington Island, na ana kitu kisichofundishika: hatua tatu za kwanza. Kutoka kusimama hadi kasi kamili hakuna kipindi cha katikati. Kwenye uwanja wa nyumbani wa Brisbane, Gabba, akifunga hupigwa wimbo wa John Denver, Take Me Home, Country Roads, na umati wote huitikia huku yeye akiigiza mtu anayenyonga mkono wa pikipiki. Siku ya fainali alifunga magoli matatu. Moja lilikuja zikiwa zimebaki dakika chache tu, likawaweka Brisbane mbele. Katika robo ya nne ya fainali miguu ya wengi huwa imekwisha, lakini yake ilikuwa bado ina zile hatua tatu.

Bailey ni wa aina nyingine. Cameron hukata moja kwa moja, Bailey hupindapinda. Katika robo ya kwanza alifunga goli baada ya kupita katikati ya watu wa Collingwood kama mtu anayevuka soko la Jumamosi akiwa amebeba mayai, akiinama hapa, akisita pale, kila aliyemnyooshea mkono akashika hewa. Kusita ndiko kunakonishangaza. Mtu anayefukuzwa silika yake ni kuongeza mwendo. Bailey alipunguza, akamwacha mfukuzaji apite, ndipo akapiga.

McCarthy ndiye wa kumtetea zaidi, kwa sababu kazi yake haina picha. Majeraha yalimnyima misimu alipokuwa timu ya Geelong, akahamia Brisbane mwishoni mwa 2018, na huko akajijengea jina kwa kuwafukuza mabeki. Mpira ukipotea mbele, ukaingia mikononi mwa beki, mshambuliaji mfupi anageuka mlinzi papo hapo. Beki akikabwa wakati alikuwa na nafasi ya kuuachia mpira na hakuuachia, anapulizwa filimbi, na mkabaji anapewa mpira mbele ya goli. Hata asipomfikia, kishindo cha nyayo nyuma yake kinamfanya beki apige haraka, apige vibaya, au auingize mwenyewe nyuma ya mstari wake na kutoa pointi moja ili apumue.

Hapo ndipo zile pointi 18 za Collingwood zinapoanza kuzungumza. Ukijumlisha, Collingwood walifikisha mpira kwenye mistari ya pointi mara 30, Brisbane mara 21. Wengi huzisoma pointi 18 kama mikwaju 18 iliyopotea. Mimi nazisoma kama ushahidi wa kukaa. Timu inayokosa mara 18 ni timu ambayo mpira wake hautoki mbele. Kila beki akijaribu kuutoa, unarudishwa. Kazi hiyo ya kuuzuia usitoke huanzia kwa wafupi.

Na mfupi bora wa siku ile alikuwa Bobby Hill wa Collingwood. Mwaka mmoja kabla, akiwa mchezaji wa timu ya GWS, aligunduliwa kuwa na saratani ya korodani akafanyiwa upasuaji. Katika fainali alifunga magoli manne, akachukua medali ya Norm Smith ya mchezaji bora wa fainali. Kuna lile tendo alilofanya juu ya Brandon Starcevich wa Brisbane: mtu mfupi akipanda mgongo wa beki na kudaka mpira juu kabisa, kazi ya majitu. Beki akishajua kwamba mfupi wake anaweza kuruka pia, hawezi tena kumngojea chini kwa utulivu. Nadhani kudaka kule kulimfungulia Hill nafasi nyingine mchana mzima.

Kocha wa Collingwood, Craig McRae, naye alikuwa mshambuliaji mfupi. Alikuwa wa Brisbane hasa, katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa 2001, 2002 na 2003, na fainali mbili za mwisho kati ya hizo ziliwaumiza hao hao Collingwood. Aliyewafunga Brisbane mwaka 2023 alikuwa fundi wa kazi ileile, aliyejifunza kwao.

Hukumu yangu basi ni hii. Wafupi wa Brisbane hawakuipoteza fainali kwa miguu yao. Magoli 13 katika nafasi 21 ni umaliziaji wa hali ya juu kwa siku yoyote, seuze siku ya fainali. Walizidiwa katika kukaba na kuufungia mpira mbele, na hata hapo sehemu kubwa ya deni ni ya katikati ya uwanja, ambako mpira haukutoka vya kutosha kuja kwao.

Zitazame tena zile dakika za mwisho ukiwafuata wao. Cameron amefunga, Brisbane wanaongoza. Baada ya kila goli mpira hurudishwa katikati, na tangu 2019 sheria inataka kila timu iwe na wachezaji sita ndani ya kila upinde wa mita 50 mpira unaporushwa. Kwa hiyo wafupi wanasimama kule mbele, mbali, wakitazama. Jordan De Goey wa Collingwood anafunga akiwa mbioni. Mwenzake Steele Sidebottom anafunga kutoka mbali sana. Mara mbili mpira unaruka upande wa pili na hawawezi kuugusa. Joe Daniher wa Brisbane anapunguza pengo hadi pointi nne, mpira unarudi katikati tena, na Cameron anasimama tena mahali pake, magoti yamekunjwa kidogo, tayari kwa kombo ambalo halikuja. King'ora kililia akiwa bado ameinama hivyo kwa ndani, kama si kwa mwili.

Septemba 28, 2024, katika fainali kuu iliyofuata, uwanja uleule, Brisbane waliwafunga Sydney 120 kwa 60. Kai Lohmann na Callum Ah Chee walifunga magoli manne kila mmoja. Bailey na Cameron walikuwemo, wakavaa medali zao. McCarthy hakucheza, goti lake lilikuwa limekatika kano mapema msimu huo.