Insha Bado Inaniandama

Kila Jumamosi tunakutana watu tisa kwenye ukumbi wa mtaa, huku Eastlands, kujifunza kuandika hadithi. Wiki ya pili nilisoma yangu: kibanda cha mathe kinabomolewa usiku. Nilianza na jua kutua kwa madaha, nikatupia methali mbili. Insha ya 38 kwa 40, kabisa. Dada mmoja akaniuliza, "Na mathe alikuwa amebeba nini?" Nikakwama.

Nikarudia Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Shuleni tulichuma misamiati yake tukaacha uchungu wenyewe: kijana aliyefiwa na mama anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba. Ukweli usemwe, sadfa zimezidi. Lakini kila hatua ya Kongowea ina kitu anachokitaka, ndiyo maana tunamfuata. Yangu ilikuwa na mapambo tu, mtu hakuwemo.

Nimeiandika upya. Methali zimetoka. Mathe amebeba sufuria ya githeri, ingali moto, na hajui aiweke wapi. Niliposoma, darasa lilinyamaza. Hakuna aliyenipa alama.