Kanuni Mbili za Watengenezaji wa Linux

Maandishi ya kanuni aghalabu hayahesabiwi kuwa fasihi, wala wahakiki hawana desturi ya kuyatazama. Walakini watu wanaofanya kazi pamoja pasipo kuonana uso kwa uso hujuana kwa maneno yaliyoandikwa tu, na kwa hiyo sentensi moja ikitiwa au ikiondolewa huweza kumlinda mtu au kumwacha wazi. Jambo hili ladhihirika katika kanuni mbili za watengenezaji wa Linux, programu huria iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, ambayo hutengenezwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi. Mchangiaji hutuma kazi yake. Msimamizi wa sehemu ile huipima, na akiiona ina kasoro huirudisha. Hukumu hutolewa kwa barua zinazosomwa na wote.

Kanuni ya kwanza ilitolewa mwaka 2015, ikaitwa Kanuni ya Ugomvi. Kwa Kiingereza jina hilo ni mzaha, kwa kuwa maneno yenye maana ya “ugomvi” na “mwenendo” katika lugha hiyo huanza kwa silabi moja. Kwa Kiswahili mzaha hupotea, na jina hubaki likisema waziwazi lile lililosemwa kwa kicheko. Maandishi yenyewe ni mafupi sana. Yamwambia mgeni ya kuwa kazi yake itapimwa kwa uangalifu, itakosolewa, na karibu kila mara itahitaji kutengenezwa zaidi. Vitenzi vya namna hii viko katika hali ya kutendwa, wala hapana “na” inayofuata ili kumtaja mtenda. Mwenye kukosolewa yupo. Mwenye kukosoa hayupo. Kisha yule atakayejiona ameonewa aelekezwa kwenda kushitaki kwa baraza la ushauri wa ufundi la Linux Foundation. Mzigo wa kustahimili na mzigo wa kushitaki vimewekwa juu ya bega moja, nalo ni la mnyonge.

Tarehe 16 Septemba 2018 Torvalds aliomba radhi hadharani kwa ukali wa maneno aliyozoea kuwaandikia wenzake, akapumzika kwa wiki kadhaa, na kazi akamwachia Greg Kroah-Hartman. Siku ile ile Kanuni ya Ugomvi iliondolewa, ikawekwa Kanuni ya Mwenendo. Hii haikutungwa na watengenezaji wenyewe. Msingi wake ni maandishi ya Coraline Ada Ehmke, yaliyotolewa kwanza mwaka 2014 ili jumuiya yoyote iyatumie. Vazi la kuazima halikosi kubana au kupwaya: ilibidi mwezi uliofuata yaongezwe maelezo ya kuifasiri.

Katika kanuni hii mna orodha mbili, matendo 5 ya kusifiwa na 5 ya kukatazwa. Lugha yake ni kavu. Hapa yafaa kuilinganisha na kanuni ya jumuiya ya Ubuntu, programu iliyotolewa mwaka 2004 na kupewa jina kutoka lugha za Kusini mwa Afrika, jina ambalo kila msemaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa neno “utu”. Kanuni ya Ubuntu yamtaka hata mtu anayeacha kazi awaarifu wenziwe, ili wapate kuishika pale alipoiachia. Msomaji humwona mtu mzima, aingiaye na atokaye. Katika kanuni ya Linux huona makosa yamepangwa kwa safu.

Hata hivyo ukavu huo ulibeba sentensi moja yenye thamani kuliko utamu wote wa Ubuntu. Ilisema ya kuwa wasimamizi wasioifuata kanuni, au wasioitekeleza kwa nia njema, huenda wakachukuliwa hatua. Hapo mwenye kukosoa alipata kutajwa, tena akiwa kiima cha sentensi. Lakini mwezi Oktoba 2018, kabla toleo la 4.19 halijatoka, sentensi hiyo ilifutwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba ilifikisha ujumbe usiofaa, kana kwamba wasimamizi wanatishwa, na kwamba kuifuta hakupunguzi uwezo wa kuitekeleza kanuni. Sehemu ya pili ya hoja hii ni ya kweli, lakini haitoshi. Uwezo usioandikwa hujulikana na wenyeji tu. Mgeni, ambaye kanuni imewekwa hasa kwa ajili yake, hana njia ya kuujua.

Uwezo huo ulionekana Novemba 2024, msimamizi mmoja alipozuiwa kuleta kazi yake katika mzunguko wa toleo la 6.13, kwa sababu ya maneno makali aliyomwandikia mwenzake na kukataa kuomba radhi hadharani. Wakati huohuo maelezo ya kufasiri kanuni yaliongezewa utaratibu, na ndani yake mkosaji atakiwa kuomba radhi mbele ya watu. Mtenda amerudi katika sentensi. Ila amerudi katika maelezo. Kanuni yenyewe haikubadilishwa, na mgeni atakayeisoma hiyo peke yake hatamkuta.