Tazama Geti, Achana na Balbu

Siku hizi kijana akiunga chipu ya CD4047, transista mbili za mosfeti aina ya IRFZ44N na transfoma iliyong'olewa kwenye UPS mbovu, balbu ikawaka, ameshaitwa injinia. Wanaompigia makofi wanaipigia betri. Balbu ya nyuzi haichagui: itawaka kwa wimbi la mraba, itawaka kwa wimbi lililopinda, itawaka huku umeme mwingi ukiishia kwenye hitisinki. Ubora wa saketi ya kugeuza umeme uko pale mwanafunzi asipotazama kamwe, katika ule muda mfupi transista inapotoka kufungwa kwenda kufunguka, na inaporudi.

Transista iliyofunguka kabisa haiteseki sana, na iliyofungwa kabisa haiteseki. Inaungua njiani. Geti la mosfeti, yaani mguu wa kuifungua na kuifunga, ni kapasita, na kapasita hujazwa kwa ampea. Wengi hupotea hapa kwa sababu wamesoma kwamba geti halili umeme. Mosfeti ya IRF3205 huhitaji hadi nanokulombu 146 ili ifunguke sawasawa. Ukiliachia geti miliampea 3 tu, kazi hiyo inachukua karibu mikrosekunde 50. Utaniambia mbona inveta ya hezi 50 inafanya kazi hivyohivyo. Ni kweli, nusu mzunguko wake ni milisekunde 10, uvivu huo unavumilika. Lakini mtu huyohuyo akijiona amefuzu huhamia kwenye transfoma ya kiini cha feraiti na kilohezi 50, ambako mzunguko mzima ni mikrosekunde 20. Transista haijamaliza kufunguka, zamu yake imeshapita. Ataongeza feni. Ataongeza transista sambamba, na sasa ana nanokulombu 292 za kujaza kwa miliampea zilezile. Dawa yake ni drayva, yaani chipu ya kulijaza geti: IR2110 yenye ampea 2 hufanya kazi ile ya geti moja kwa nanosekunde 73 hivi. Na ikae jirani na geti. Waya wa sentimita 10 kati yao mimi nauhesabu kosa, hata saketi ikifanya kazi. Anayeliendesha geti la IRF3205 kwa volti 5 za Arduino ndiyo basi tena, maana miliomu 8 zilizoahidiwa kwenye datashiti ni za volti 10.

Kuna wanaosema haya ni maneno ya mwenye oskiloskopu. Hoja ina uzito, kifaa ni ghali, na mhandisi Jim Williams wa Linear Technology alijaza maandishi yake picha za oskiloskopu. Ila mita ya kawaida nayo inaumbua. Madukani zimejaa IRF3205 ambazo jina la zamani limesuguliwa likachapwa jipya, ndani mkiwa na chipu ndogo. Lipe geti volti 10, pitisha ampea 5 kwa muda mfupi, pima kati ya dreni na sosi: ikizidi sana milivolti 40, umeuziwa jina. Ndugu wa utapeli huo ni boksi la inveta la "wati 3000". Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 250 na zaidi, na waya zilizokuja nalo zinatosha taa za pikipiki.

Enzi za transista ya 2N3055, ile ya chuma, na maika yake na grisi yake, kujidanganya kwamba transista haili umeme kulikuwa kugumu. Ili ipitishe ampea 4 bila ubishi uliipa besi miliampea 400, ukazihesabu, ukatafuta zitatoka wapi. Najua ilikuwa mlafi: kwa ampea hizo ingeweza kumeza volti 1.1, wakati IRF3205 inameza milivolti 32 hivi. Simwambii mtu aijengee inveta leo. Anayejifunza aiunge moja tu, apime umeme wa besi kwa mita, ndipo anunue mosfeti, na drayva yake siku hiyohiyo.