Yule mama wa Uele katika kazi ya Carrie Mae Weems

Wengi wetu tuliijua foto yake mbele ya kujua jina. Mama wa Kimangbetu, ametazama kando, nywele zimesukwa kupanda kwa nyuma, kichwa kirefu namna wakubwa wa Uele walivyopenda. Walikuwa wakifunga kichwa cha mtoto mchanga kwa kamba. Desturi hiyo ni lipombo. Jina lake Nobosudru. Wazungu wa ile safari ya motokari za Citroën (1924-1925) ndio walimpiga foto, na Ufaransa uso wake ukawa pambo. Hata sanamu ndogo ya kuweka mbele ya motokari walimchonga!

Kumbe Carrie Mae Weems, mwanamke mweusi wa Marekani aliyezaliwa 1953, alimchukua tena katika kazi yake ya 1995-1996, inayoitwa «Kutoka hapa niliona yaliyotokea, na nikalia». Ni foto 33, zilizopigwa na watu wengine. Karibu zote amezitia rangi nyekundu, na juu ya kioo kuna maneno yanayomwambia kila mtu: wewe. Humo yuko Renty pamoja na Delia binti yake, watumwa wa Carolina ya Kusini, waliovuliwa nguo mwaka 1850 ili Agassiz, mwalimu wa Harvard, apate ushahidi kwamba mweusi ni mtu wa aina nyingine. Kwenye foto ya Renty waliandika: Congo. Ni mutu wa kwetu, basi.

Nobosudru yeye ni wa buluu. Yuko mwanzo, yuko na mwisho, safari hii amegeuzwa, hivi kwamba wote wanapita mbele ya macho yake. Ni yeye anayesema «mimi». Hapo tunamshukuru Weems sana: mwanamke aliyetazamwa kama kitu, sasa ndiye anatazama.

Lakini tuko na neno. Juu ya kioo hakuna jina la Renty wala la Nobosudru. La Renty lilipata watetezi: kesi ilianza 2019, na mwaka 2025 Harvard ikakubali kuziachilia zile foto. La Nobosudru, nani aliuliza? Anabaki «Afrika», mama anayelilia watoto waliouzwa ng'ambo. Ile biashara ilikwisha mbele yake. Wakati wake Uele iliona mambo mengine: Wabeleji walikuwa wakiwalazimisha watu kulima pamba. Katika foto zote 33, hiyo pamba ya kwetu haiko.