Usidanganywe na Tabasamu

Wengi wakiandika juu ya jeneza la wanandoa kutoka Cerveteri, Italia, huanza na tabasamu. Ati mapenzi yameshinda kifo. Mimi sikubali.

Hebu litazame vizuri. Ni kazi ya Waetruski, ya udongo wa kuchoma, ya mwaka wa 520 KK hivi, na sasa iko katika makumbusho ya Villa Giulia, Roma. Mume na mke wamejilaza kwenye kitanda kimoja cha karamu. Tabasamu lenyewe ni mtindo tu wa enzi hiyo. Kuna sanamu iliyotoka Aegina, Ugiriki, ya mpiganaji anayekata roho, na bado anatabasamu. Miguu nayo, tuseme ukweli, haijakaa sawa: kuanzia kiunoni miili inalala bapa, kama vile msanii alichoka.

Kilicho hai ni mikono. Mume ameuweka mkono wake begani pa mke. Vidole vya mke viko hewani, na alichokuwa ameshika kimepotea, kwa hivyo leo anaonekana kama mtu aliye katikati ya maneno. Ana kofia yake na viatu vya ncha kali. Mume hana hata ndala.

Kwani hiyo ina uzito gani? Kwa Wagiriki, mke wa raia hakujilaza kwenye karamu ya wanaume. Theopompus, mwanahistoria wao wa karne ya 4 KK, aliwaandika wanawake wa Kietruski kama malaya kwa sababu walikula na wanaume. Huo ni umbea uliovalishwa suti. Vitabu vya Waetruski wenyewe karibu vyote vimepotea. Hata juzuu 20 alizoandika Kaizari Claudius juu yao hazipo. Wamebaki kusimuliwa na wapinzani.

Ndiyo maana nalisoma jeneza hili kama jibu. Najua ni la matajiri, na halithibitishi kwamba kila mke alisikizwa nyumbani. Lakini linaonyesha familia ilitaka kukumbuka nini: mke aliyejilaza mbele, sawa na mumewe. Makaburi yao yalikuwa vyumba vya ukoo, yakifunguliwa tena msiba ulipotokea. Waliokusudiwa kuliona ni watoto na wajukuu. Theopompus hakualikwa.